Sala Isiyo na Tarehe

Jumatano, 1 Oktoba

Mvua imeanza leo saa nane mchana, kwa pigo moja la bati kama mtu aliyeangusha sinia. Umeme ukakatika, karakana nzima ikanyamaza. Profesa peke yake aliendelea kusoma, vidole viwili juu ya ukurasa, mkono mwingine umeshika kikombe cha chai. Yeye haoni tangu utotoni. "Nyie wenye macho mmekwama tena," akasema. "Poleni."

Tunamwita Profesa kwa sababu hakuna kosa linalompita. Tunatengeneza vitabu vya wasioona kwa maandishi ya nukta nundu, vya shule hasa. Mimi napiga mashine, yeye anahakiki.

Naanza daftari hili kwa sababu nimechoka kujidanganya. Ukweli wa leo ni huu: mwezi uliopita nilisimama mbele ya kanisa nikashuhudia kwamba Mungu amenisaidia kumwachilia mwanaume aliyevunja uchumba wetu. Watu walipiga makofi. Mama mmoja alilia. Nikarudi kuketi nikijua kwamba sijamwachilia hata ukucha.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nieleze habari ya Ijumaa, maana kesho ni Ijumaa.

Mama wa mwanaume yule alikuwa mkunga miaka thelathini na moja. Kabla ya kila zamu aliandika sala fupi kwenye daftari, na tarehe juu yake, kama anavyoandika kwenye kadi ya mgonjwa. Yamefika madaftari kumi na moja. Kisha presha ya macho ikamzima jicho moja, halafu la pili, na sala zake zote zikabaki upande wa pili wa ukuta. Wakati huo nilikuwa mchumba wa mwanawe. Nilimfundisha Mama kusoma kwa kidole, ikamchukua mwaka mzima. Halafu nikamwahidi kwamba nitampigia sala zake zote kwa nukta nundu ili azisome tena.

Madaftari matano ya kwanza niliyamaliza kwa miezi minne. Nilikuwa na haraka ya kupendwa. Desemba mwanawe akanipigia simu ya dakika sita, na tangu siku hiyo, miezi kumi, nimekuwa kwenye daftari la sita. Kila Ijumaa baada ya kazi nampelekea Mama kurasa kumi. Kanisani wanasema nina moyo wa ajabu. Dada yangu mshonaji, ninayeishi naye, anasema nina kichwa cha mbuzi. Mimi najua ninachofanya. Siku nitakayomaliza madaftari sitakuwa na sababu ya kufungua geti lile tena. Kwa hiyo naenda polepole, na huo upolepole nauita upendo.

Ijumaa, 3 Oktoba

Kwa Mama. Alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, kurasa zimefungwa vifurushi kwa bandeji badala ya uzi, maana mkunga hakosi bandeji. Alikuwa anarudia kurasa za daftari la kwanza, kidole kinatembea, midomo inakifuata.

"Sikiliza hii. 'Bwana, leo mapacha, nami nina mikono miwili tu. Leta ya kwako.' Hee! Nilikuwa naongea na Mungu kama naongea na dereva wa gari la wagonjwa."

"Aliileta?"

"Kwani huwajui? Mmoja ndiye yule fundi bomba anayekuja kuniharibia bomba kila mwezi."

Nilicheka. Halafu nikatazama kile kidole, na kicheko kikaniishia. Mwanamke wa miaka ishirini na saba, umri wangu, aliandika maneno yale amesimama koridoni, gauni jeupe, mapacha wanasubiri nyuma ya mlango. Leo mwanamke huyohuyo anayapapasa na hakumbuki lipi linafuata. Nilihisi kama niko kati ya watu wawili wanaofahamiana sana, nami nimeruhusiwa kubeba barua zao tu.

Hatukumtaja mwanawe. Hatumtaji kamwe. Picha yake iko ukutani. Mama haioni, nami naitazama kwa niaba yetu wote wawili.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimeombwa nirudie ushuhuda wangu kwenye mkutano wa wasichana, tarehe tisa mwezi ujao. Nikasema nitaomba kwanza. Sikuomba.

Jumatano, 8 Oktoba

Profesa alipapasa kurasa zilizokuwa mezani kwangu. Huwa haombi ruhusa. Anasema vidole vyake havina adabu.

"Hizi ni za yule mama wa Ijumaa?"

"Ndiyo."

"Ngapi kwa wiki?"

"Kumi."

"Kumi! Binti, wewe unapiga kumi kabla ya chai. Hapa kobe akikupita atakupungia mkono." Akanywa funda moja. "Hiyo ni kazi, au unalinda lindo?"

Nikamwambia mvua inachelewesha mambo. Akasema ndiyo, amesikia mvua inaingia hata ndani ya vidole vya watu.

Ijumaa, 10 Oktoba

"Mwanangu, nina neno," Mama akasema kabla sijakaa, "na sitaki ulisikie barabarani. Amepata mtu. Watakuja mwezi ujao, katikati, ili nimwone." Akacheka kidogo, bila furaha. "Nimwone! Labda nimpapase."

"Hongera, Mama." Sauti yangu ilitoka imepigwa pasi.

Akanitafutia mkono. Nikampa kifurushi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Dada anasoma kila kitu: risiti, barua, hata karatasi iliyofungia sabuni. Daftari hili natembea nalo mkobani kama dawa. Lakini kuna mambo ambayo hata wino siuamini, na hayo nayapiga kwa nukta nundu kwenye mashine ninayoazima karakana, maana Dada akizishika karatasi zile anaona mkwaruzo tu. Leo nilipiga moja. Nainakili hapa, nione ujinga wangu kwa macho.

*Bwana, watu wanasema nimeachilia. Nimewaambia mimi mwenyewe. Wewe unajua. Mkono wangu umefunga, na nikijaribu kuufungua vidole vinauma. Simtakii mabaya. Nataka tu asipate mahali pa kuniweka chini. Nataka akumbuke. Kama unataka nimwache, njoo umchukue mwenyewe, maana mimi sitakuletea. Amina.*

Jumanne, 14 Oktoba

Dari linavuja juu ya mashine ya Dada. Beseni. Tone, tone, tone, siku nzima.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimepeleka kurasa. Sikukaa, nilisingizia mafua.

Mama aliuliza tumefika mwaka gani. Nikamtajia. "Ahaa," akasema, akaweka kiganja juu ya kifurushi kama anayepima homa. "Huo ndio mwaka baba wa mtoto alipoondoka. Miaka kumi na tisa sasa. Mtoto alikuwa na kumi na miwili."

Mtoto. Ndivyo alivyomwita leo, na kwa mara ya kwanza nikamwona hivyo: mvulana aliyekaa ngazini akisubiri gari ambalo halirudi. Sikupenda kumwona hivyo. Ni vigumu kumshikilia mtu mwenye magoti ya mtoto.

Jumapili, 19 Oktoba

Haipo.

Nimekung'uta kila kitu. Sanduku la karatasi, chini ya kitanda, nyuma ya marobota ya vitambaa ya Dada. Sala niliyoipiga siku ile haipo, na karatasi moja ya Mama, ambayo ilipaswa kwenda Ijumaa, bado iko hapa. Ukurasa wa saba. Karatasi ni zilezile, mashine ni ileile. Nilizipanga gizani kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, na mimi, hodari wa nukta nundu, nilihesabu karatasi bila kuzisoma kwa kidole. Mwenye macho atafanya kosa hilo, asiyeona hafanyi.

Sala yangu iko kwenye mapaja ya mama yake.

"Umepoteza nini?" Dada akauliza mlangoni, pini mdomoni.

"Karatasi."

"Hapa ndani kuna karatasi elfu."

"Hiyo siyo mojawapo."

Jumatatu, 20 Oktoba

Nilikwenda kuiba. Niliite jambo kwa jina lake.

Alisikia hatua zangu tangu getini. "Leo si Ijumaa! Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama. Nimekosea ukurasa mmoja, nataka kuurekebisha."

"Upi?"

"Wa saba."

"Niko wa tatu, nauma kidogokidogo. Nikifika nitaurekebisha mwenyewe. Mtu niliyesoma mwandiko wa madaktari miaka thelathini, nitashindwa na kosa lako wewe?"

Kifurushi kilikuwa mapajani. Nilinyoosha mkono. Nilikuwa karibu kiasi kwamba niliona jinsi ncha ya kidole chake ilivyong'aa kwa kusoma. Kidole kikasimama.

"Mwanangu, mbona unahema?"

"Mvua, Mama. Nimekimbia."

Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Akifika ukurasa wa saba atajua kwamba kila Ijumaa, miezi kumi, sikuwa namletea sala. Nilikuwa nakuja kushika nguzo ya nyumba yake ili mwanawe asinisahau. Atanifungia geti, na ana haki.

Ijumaa, 24 Oktoba

Barabara imefungwa na maji. Ijumaa ya kwanza sijaenda. Simu yake haipatikani.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nilikuwa na sheria moja: sisomi mbele. Zile ni sala za mtu, na mpigaji anapita humo kama mgeni, chumba kwa chumba, kwa zamu yake. Leo, maji yakiwa mlangoni na Dada akifagia matope, nimeivunja. Nilichukua daftari la kumi nikatafuta mwaka ule nilipopelekwa kwa Mama mara ya kwanza. Nilitaka kujua nilikuwa nani kwake, kabla hajanichukia.

Nimeikuta.

*Bwana, leo mwanangu ameleta binti. Mwembamba, macho yake yanasoma hata maandishi ya chupa. Nimempenda tayari, na hilo linanitisha. Kama si wake, mtoe kwa upole. Mimi ndiye nitakayeumia. Amina. Zamu ya jioni.*

Kwanza nilikasirika, hadi nikatoka nje nikasimama kwenye mvua. Aliomba nitolewe! Nilikuwa nakunywa chai yake na kumsifia mapazia, kumbe ameshanikabidhi.

Halafu hasira ikaisha, na kilichobaki sikijui jina. Tarehe ile nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilirudi nyumbani nikifurahia viatu vyangu. Na mwanamke aliyenijua kwa saa mbili tu alikwenda koridoni, kabla ya kupokea watoto wa watu, akanitaja mbele za Mungu. Nimetajwa mahali ambapo sikuwepo. Nani mwingine amewahi kunitaja pale? Ni mangapi yanasemwa juu yetu upande ule, nasi tuko hapa tunafurahia viatu?

Dada ameniita nishike fagio. Nimekwenda.

Ijumaa, 31 Oktoba

Lazima niandike yote leo, hata nikifika kesho.

Mlango ulikuwa wazi kabla sijabisha. Mama alikuwa amesimama.

"Kaa," akasema. "Kaa kwanza."

Nikakaa.

"Nimekuta sala isiyo na tarehe."

Nilishika kingo za kiti.

"Miaka yote ile, kila sala na tarehe yake. Hata siku niliyomzika mama yangu niliandika tarehe. Hii haina. Nikasema, siku hiyo lazima niliumia hadi nikasahau leo ni lini. Na siikumbuki, mwanangu! Nimejikuna kichwa, sikumbuki kuiandika. Lakini kila neno nalijua. 'Watu wanasema nimeachilia. Nimewaambia mimi mwenyewe.' Mwaka uleule baba wa mtoto alipoondoka nilisimama kanisani nikasema nimemsamehe. Walipiga makofi. Mchungaji alinishika mkono. Nami nilirudi kwenye benchi nikijua ni uongo mtupu."

Mimi niliyaandika maneno yale. Nayajua kwa vidole. Lakini yalipotoka kinywani mwake yalikuwa ya kwake, yalimkaa kama nguo iliyopimwa mwilini.

"Nikaona, kumbe ile sala niliiacha njiani. Niliiandika, nikafunga daftari, nikaenda zamu. Sikusubiri jibu. Basi nikaiomba upya. Siku ya kwanza nilisoma tu. Siku ya pili nilipofika pale pa 'njoo umchukue mwenyewe' nikanyamaza, nikasema, haya, njoo basi. Nikakaa. Chai ikapoa. Siku ya tatu..."

Hakumaliza. Alinishika mkono akaniongoza chumbani kwake, yeye asiyeona akiwa mbele, mimi nyuma. Miaka minne nimeingia nyumba ile na chumba kile sijawahi kukiona. Kitanda kipana cha mbao, shuka la buluu.

"Miaka kumi na tisa nalala upande wa ukutani. Upande huu niliuacha. Sikuwahi kujiambia ni wa nani. Nilikuwa nikitandika, natandika pande zote, lakini nikilala, nalala ukutani kama mgeni aliyeombwa ajibane. Juzi nimelala katikati. Sikupanga. Niliamka asubuhi nikanyoosha mikono, hivi." Akainyoosha pande zote mbili, kama anayepima upana wa mlango. "Nikakuta kitanda huku, na kitanda huku. Nilidhani nimekufa, mwanangu. Kumbe ni nafasi."

Mto mmoja ulikuwa katikati.

Alikuwa anatabasamu kuelekea mahali alipodhani uso wangu upo, na alikuwa amepatia. Nilipaswa kusema. Sikusema. Nilimkumbatia, nikatoka, nikafika nyumbani nimelowa chapachapa, mwavuli nimeusahau kwake.

Yale maneno niliyapiga kwa uchungu. Sikuwa naomba, nilikuwa nasusa. Nilimwambia Mungu aje mwenyewe kwa namna ile mtu anavyomwambia jirani mkorofi, njoo basi kama unaweza. Naye akaja. Hakuja nyumbani kwangu. Alikwenda kwa mwanamke ambaye hakuwa hata ameiandika ile karatasi, akamsogeza katikati ya kitanda chake. Siku zote hizi nimeogopa kugunduliwa. Hofu hiyo leo ni punje. Hii mpya ni kubwa, nami sitaki iondoke. Niko kama mtu aliyepiga ngumi ukuta kwa hasira, ukuta ukamwitikia karibu.

Jumapili, 2 Novemba

Sikuweza kuimba. Wengine waliimba, nami nilisimama katikati ya sauti zao kama aliyeingia mtoni na nguo.

Jumatano, 5 Novemba

Siwezi kukaa kimya, na siwezi kusema. Nikisema, namnyang'anya Mama sala yake. Nikinyamaza, najenga uongo wa pili juu ya ule wa kanisani.

Nilimuuliza Profesa kwa mbali. "Barua ikienda kwa mtu asiyeandikiwa, akaisoma, ikampa nafuu, mwandishi aseme?"

"Anataka irudi?"

"Hapana."

"Anataka asifiwe?"

"Hapana! Anaona aibu."

"Basi aseme. Mwenye nafuu atakuwa na swali la pili, na hilo swali mwandishi ndiye atakayelihitaji." Akarudi kwenye ukurasa wake. "Na barua hiyo ilikuwa na makosa ya nukta?"

"Hapana."

"Ndiyo maana ilifanya kazi."

Ijumaa, 7 Novemba

Nimesema.

"Mama, ile sala isiyo na tarehe si yako."

"Ya nani?"

"Yangu. Nilikuwa namsema mwanao."

Nikamweleza yote bila kupumzika: mashine, umeme, kurasa zilizochanganyika gizani, ushuhuda wa uongo, siku ile niliyokuja kuiba. Mvua ilikuwa imepungua na nilisikia saa ya ukutani. Nikasubiri aniambie niondoke.

Mama alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka hadi machozi yakamtoka, anajipiga goti.

"Mungu amenivizia! Miaka kumi na tisa ananisubiri kwa mlango wa mbele, nimeufunga komeo. Kapita dirishani na karatasi ya mtu!"

Nikacheka pia, kwa woga. Kisha akaacha ghafla.

"Basi mimi nimelala katikati," akasema taratibu, "na mwenye sala bado yuko ukutani."

Hapo nililia, kwa sauti mbaya, ile isiyoombwa na mtu. Nikamwambia na lile la mwisho, kwamba nimesoma daftari la kumi, kwamba aliomba nitolewe, na Mungu alimsikia, na kama huo ndio upole basi mimi siuelewi.

Uso wake ukawa mkali. Sijawahi kumwona hivyo.

"Sikiliza. Mwanangu alikuacha kwa simu, kama anayeahirisha gari. Ule ubaya ni wake. Usimsingizie Mungu." Akaweka kiganja kifuani. "Na mwingine ni wangu. Nilijua unaandika polepole. Nilikuwa nazihesabu kurasa kabla hujafika getini. Kumi, kumi, kumi. Nikasema moyoni, mwambie aache, huyu ni kijana. Nikanyamaza, kwa sababu bila wewe nabaki na dirisha. Nilimwomba Mungu akutoe, halafu nikakushika miguu. Nimekula ujana wako kurasa kumi kumi. Nisamehe, mwanangu."

Sijawahi kuombwa msamaha na mtu wa umri ule. Nilipiga magoti bila kukusudia. Nilitaka tu uso wangu uwe chini ya wake.

Akaniwekea mikono mabegani, mikono iliyowapokea duniani watu wasiohesabika. Aliomba kwa sauti ya kazini.

"Bwana, huyu si wangu. Nakata. Mpokee."

Basi. Maneno yale tu. Nami nikasema, "Na yule si wangu. Mpokee." Nilidhani nitahisi kupoteza kitu. Nilihisi hewa. Nilitazama viganja vyangu na vilikuwa wazi juu ya mapaja yake, na sikujua vimefunguka saa ngapi.

Tulikaa hivyo hadi chai ikapoa. Halafu nikauliza habari ya madaftari.

"Malizia hili la sita, tusiliache njiani. Mengine nayajua. Nilikuwepo."

Jumapili, 9 Novemba

Mkutano wa wasichana. Niliwaambia ushuhuda wangu wa mwanzo ulikuwa uongo, na kwamba nilipousema sikujua kuachilia kukoje. Hakuna aliyepiga makofi. Wasichana wawili walikuja baadaye, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akihakikisha mwenzake hamsikii.

Jumatano, 12 Novemba

Kurasa arobaini na mbili kwa siku tatu, pamoja na ule wa saba uliobaki nyuma. Profesa amezihakiki zote, karatasi kwa karatasi, kwa kidole. "Mvua imetoka vidoleni," akasema.

Ijumaa, 14 Novemba

Geti alilifungua yeye.

Sikuwa nimejiandaa. Nilijua wanakuja katikati ya mwezi, lakini hata katikati kuna siku nyingi. Alikuwa amekunja suruali, kiatu kimoja mkononi, matope hadi kwenye kifundo. Kutoka ndani nilisikia Mama na sauti ya mwanamke mwingine wakicheka.

"Karibu," akasema.

"Asante, sikai. Hizi ni za Mama. Daftari la sita limekwisha."

Akavipokea vifurushi kwa uangalifu, kama mtu anayepewa mtoto wa mwenzake. "Nilikuwa nataka... nimekuwa nikitafuta namna ya kukueleza."

Nilimtazama. Naandika hili polepole, nisiongeze chumvi. Yumo kwenye madaftari yote yale niliyoyapiga. Najua homa aliyopata akiwa na miaka minne, na mkunga aliyepokea watoto watatu usiku ule huku akisema, Bwana, na wangu. Najua alivyoiba biskuti za wodini. Najua siku aliyokaa ngazini. Nimepiga jina lake kwa vidole hivi mara zaidi ya elfu, na kila mara lilikuwa limeelekezwa juu. Miezi kumi na moja nilidhani nisipomshika hakuna atakayemshika. Kumbe mtu huyu hajawahi kuwa mikononi mwangu. Alikuwa ameshabebwa kabla sijapata akili, na anabebwa sasa hivi, na kiatu chake kimoja. Moyo ulinidunda, lakini kwa namna unavyodunda mtu anapoingia mahali patakatifu bila kubisha.

"Si lazima unieleze," nikasema. "Uwe mwema kwake."

Hakuelewa nani nilimaanisha, mchumba au mama. Nilimaanisha wote wawili.

"Nani huyo getini?" Mama akaita.

"Mimi, Mama. Napita!"

"Haya, mwanangu. Pita salama!"

Nikapita.

Ijumaa, 21 Novemba

Mvua haijanyesha siku tatu. Nimeruhusiwa mapema kazini. Saa tisa Dada alinyanyua kichwa kutoka kwenye gauni la bibi harusi.

"Leo huendi?"

"Siendi."

Mguu wake ukakanyaga mashine ikakimbia bure, bila kitambaa. "Wiki ijayo?"

"Hata wiki ijayo."

Akavuta kiti cha pili kwa mguu, kile anachowekea vitambaa, akakiondolea vitambaa vyote. Nikakaa. Mwanga uliingia kwa mlango wazi ukafika hadi kwenye miguu yangu, na nje watu walikuwa wanaanika nguo zao zote kwa pamoja, mashuka, makoti, magodoro, mtaa mzima umetoa vya ndani nje.

Nilikuwa na alasiri nzima mbele yangu na hakuna mtu ndani yake. Niliitazama kama anavyotazama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba kubwa akaambiwa, ingia, ni yako. Nilisema asante, kwa sauti. Dada akajibu, "Ya nini?" Sikuweza kumweleza, nikaendelea kutazama.